Kiwambo na Pangaboi: Historia ya Kupuliza Moto katika Nyanda za Katavi na Ufipa

Kifaa ambacho mafundi simu wa Tanzania hukiita blowa kina kazi moja tu: kuvuta hewa ya chumbani, kuipitisha katikati ya waya uliopata moto, na kuitoa kwa mdomo mwembamba juu ya bodi ya simu, ili lehemu iliyoshikilia kipande cha elektroniki iyeyuke na kipande hicho king'olewe au kirudishwe mahali pake bila kuguswa na chuma. Katika vibanda vya mafundi vya Manispaa ya Mpanda, ambayo Misunkumilo ni mojawapo ya kata zake, kifaa hicho huhesabiwa kuwa kitu kipya kilichofuatana na simu za mkononi kutoka viwanda vya Uchina, na kwa upande wa plastiki yake, tarakimu zake zinazowaka na plagi yake hesabu hiyo ni sahihi. Hata hivyo, swali ambalo feni iliyomo ndani yake hulijibu, yaani namna ya kuifanya hewa iende inakotakiwa, kwa wingi unaotakiwa, ikiwa na nguvu ya kushinda kizuizi kilicho mbele yake, lilikuwa likijibiwa magharibi mwa Tanzania na wafua chuma waliotangulia simu kwa mamia ya miaka, na majibu yao yanakaribiana na ya watengenezaji wa leo kuliko inavyodhaniwa.

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012 ukaifanya Mpanda kuwa makao yake makuu, umekaa baina ya nyanda za juu za Ufipa upande wa kusini, Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Unyamwezi upande wa kaskazini. Ni nchi ya Wapimbwe, Wabende na Wakonongo, na kabla ya biashara ya bidhaa za kiwandani ilikuwa katikati ya maeneo mawili yaliyosifika kwa chuma: Ufipa kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili nchi zilizo kusini mwa Ziwa Victoria, ambako Wasumbwa na wayeyushaji walioitwa Barongo walitoa majembe yaliyosafiri mbali, yakatumika kulimia na pia kulipia mahari. Jembe moja la chuma lilikuwa na thamani kubwa kwa sababu ya kazi iliyofichika ndani yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, ukiacha kukata miti na kuchoma mkaa, ilikuwa kazi ya kusogeza hewa.

Katika Ufipa, kwenye nyanda zinazopanda hadi kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, bado yamesimama mabaki ya matanuri marefu yaitwayo malungu, ambayo moja lake ni ilungu. Ni minara ya udongo, mipana chini na myembamba juu, yenye kimo cha mita tatu hivi, na mara nyingi ilijengwa kando ya kichuguu, kwa kuwa udongo wa mchwa hustahimili moto na kichuguu chenyewe kilifaa kuwa ngazi ya mtu aliyepanda na kapu la mkaa au la mbale, yaani mawe yenye madini. Ilungu halikuwa na mivuo. Sehemu yake ya chini ilitobolewa matundu pande zote, na ndani ya matundu hayo ilipachikwa mirija ya udongo wa kuchomwa. Moto ulipokolea, hewa iliyopashwa ikawa nyepesi na kupanda, na hewa baridi ya nje ikaingia kwa mirija kujaza nafasi iliyoachwa. Tanuri zima lilikuwa bomba la moshi linalojivutia pumzi lenyewe kwa siku kadhaa bila mkono wa mtu.

Utaratibu huo unaonekana rahisi mpaka ufanyiwe hesabu. Nguvu inayoisukuma hewa kuingia hutokana na tofauti ya uzito kati ya safu ya hewa ya moto ndani ya mnara na safu ya hewa baridi ya kimo kilekile nje yake, na kwa mnara wa mita tatu tofauti hiyo huzaa kanieneo, yaani kani inayogandamiza kila sehemu ya eneo, ya paskali 20 hadi 30 tu, ambayo ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita mbili au tatu. Ni kani ndogo kiasi kwamba mtoto anayepuliza kwa kinywa huizidi mara nyingi. Ndiyo maana ilungu lilihitaji mirija mingi na si mmoja, ndiyo maana mkaa haukuweza kuwa wa vumbi ukaziba njia, na ndiyo maana kimo hakikuwa fahari: tanuri lililopunguzwa nusu ya kimo lingepoteza nusu ya pumzi yake. Maandishi mengi kuhusu malungu yamekaa zaidi kwenye miiko iliyoyazunguka, kwamba tanuri lilitendewa kama bibi harusi, kwamba wayeyushaji walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, na kwamba kulikuwa na dawa zilizofukiwa chini ya sakafu yake. Mambo hayo ni ya kweli na yana uzito wake, lakini yamelipunguzia sifa tanuri lenyewe, ambalo hata bila dawa lilikuwa mashine iliyosanifiwa kwa akili nyingi.

Bonge lililotoka katika ilungu halikuwa bado chuma cha kufuliwa. Lilikuwa limechanganyika na mkaa na mavi ya chuma, yaani masalia ya mawe yaliyoyeyuka, na ilibidi lipashwe tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivuo ilipoingia kazini. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyefanya utafiti mrefu kusini magharibi mwa Tanzania, alieleza pia teknolojia nyingine ya eneo hilohilo iitwayo katukutu, iliyotumia tanuri fupi la kuvukutiwa. Kwa hiyo wafua chuma wa nchi hizi walizijua njia zote mbili kwa pamoja, ile ya hewa nyingi yenye kani ndogo na ile ya hewa kidogo yenye kani kubwa, na waliichagua kila moja kulingana na kazi. Wazo kwamba moja ilikuwa ya kale na duni, na nyingine ya baadaye na bora, halipati msaada katika ushahidi huu, kwa kuwa bonge lilelile lilipita katika njia zote mbili ndani ya msimu mmoja.

Mivuo, ambayo Waswahili wengine huiita mifuo au mivukuto, katika sehemu kubwa ya bara ilikuwa jozi ya mabakuli ya mti yaliyochongwa pamoja, kila moja likiwa na mrija wa kutolea hewa, na juu ya kila bakuli iliwambwa ngozi ya mbuzi iliyolegezwa katikati na kufungiwa kijiti. Mvukutaji alishika vijiti viwili, akainua kimoja huku akikishindilia kingine, na kwa zamu hiyo ya haraka akatoa mkondo wa hewa uliokaribia kuwa mmoja. Ngozi iliyowambwa namna hii ni kiwambo, neno linalotokana na kitendo kilekile cha kuwamba ngoma, na neno hilo litarudi baadaye katika historia hii mahali pasipotarajiwa. Pwani na pembe ya kaskazini mashariki ya Afrika ilijulikana zaidi mivuo ya viriba, ambayo ni ngozi nzima ya mbuzi iliyokatwa mdomo unaofunguliwa na kufumbwa kwa vidole vya mvukutaji, na katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, wahunzi walitumia mapipa mawili yenye pistoni zinazopanda na kushuka ndani yake, mfano uliovuka bahari kutoka Asia ya Kusini Mashariki pamoja na mababu wa watu wa kisiwa hicho.

Mivuo ya mabakuli haikuwa na vali, kifuniko kile kinachoruhusu hewa kupita upande mmoja tu. Ingekuwa rahisi kudhani kwamba ngozi ikiinuliwa ingevuta moto na majivu kutoka tanurini na kuiunguza. Wahunzi walilitatua jambo hilo kwa kutougusisha mrija wa mivuo na mrija wa udongo ulioingia motoni: waliacha mwanya, na mdomo wa mrija wa udongo wakaupanua kama tarumbeta. Ngozi iliposhindiliwa, mkondo wa hewa uliruka ule mwanya kwa kasi ukaingia tanurini, tena ukiambatana na hewa nyingine ya pembeni; ngozi ilipoinuliwa, hewa safi ilipita kwenye mwanya uleule kwa kuwa hiyo ndiyo njia iliyokuwa nyepesi. Kwa maneno mengine, mwanya ndio uliokuwa vali, na haukuweza kuchakaa.

Historia ya mivuo hiyo ina tatizo ambalo kila mtafiti wa chuma hulikuta. Mti huoza, ngozi huliwa na mchwa, na kinachobaki ardhini ni mavi ya chuma pamoja na vipande vya mirija ya udongo, ambavyo ncha zake zimegeuka kioo kwa moto. Mtafiti hukadiria upepo kwa kuusoma udongo: mrija ulioyeyuka kwa urefu mkubwa uliingia ndani sana, mrija wenye mdomo mpana ulipokea mivuo isiyogusana nao, na mirija iliyoshikana miwili au mitatu katika tundu moja huashiria tanuri la kujivutia lenyewe. Malungu yamepata umaarufu kwa sababu yamesimama na hupigika picha, hali mivuo, iliyofanya kazi katika kila kijiji chenye mhunzi, imebaki katika maelezo machache kama yale ya Greig juu ya Ufipa, yaliyochapishwa mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Mjadala mkubwa zaidi kuhusu mirija hiyo haukuzuka Ufipa bali Buhaya, mkoani Kagera. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga na kuwasha upya tanuri la zamani mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt, na mwaka 1978 yeye na Donald Avery walitoa katika jarida la Science hoja kwamba mirija iliyosukumwa ndani kabisa ya tanuri iliipasha hewa kabla haijaufikia mkaa, na hivyo kuupandisha moto kuliko ambavyo hewa baridi ingeweza. Wazo la kupasha hewa kwanza lilikuwa limepewa hataza huko Uskoti mwaka 1828, kwa jina la James Beaumont Neilson, na likahesabiwa kuwa miongoni mwa mageuzi makuu ya viwanda vya chuma vya Uingereza. Kusema kwamba Wahaya walilitumia zaidi ya miaka elfu kabla yake kulikuwa ni kuugeuza mpangilio mzima wa historia ya ufundi. Wapinzani, akiwamo J. E. Rehder, walijibu kwamba hewa hupita ndani ya mrija kwa muda mfupi mno kuweza kuchukua joto la maana. Ubishi huo haukuisha kwa ushindi wa upande mmoja, lakini ulichobishania ndicho kinachoamua ubora wa blowa ya leo: hewa iendayo kasi hubeba joto kidogo kwa kila lita, na hewa iendayo polepole hupashwa vizuri lakini haifiki mbali.

Njia ya tatu ya kusogeza hewa, ile ya kuzungusha mapanga, haikutoka kwa wafua chuma bali kwa wachimba migodi. Georgius Agricola, katika kitabu chake juu ya madini kilichochapishwa mwaka 1556, alionyesha feni za mbao zilizozungushwa ili kuingiza hewa mashimoni, na mwaka 1689 Denis Papin alieleza mashine ya kuzunguka inayovuta hewa katikati na kuitupa pembeni. Gurudumu lenye mapanga ya namna hiyo ndilo liitwalo impela. Kinachotokea ndani yake ni kwamba hewa iliyo kati ya mapanga hulazimishwa kuzunguka, na inapozunguka hukimbilia nje, na ikifika ukingoni hukusanywa na nyumba ya umbo la konokono inayopanuka taratibu, ambamo kasi yake hugeuzwa kuwa kanieneo. Mwishoni mwa karne ya 19 Samuel Davidson wa Belfast, aliyewahi kulima chai India na kutafuta njia ya kukaushia majani yake, alitengeneza impela yenye mapanga mengi mafupi yaliyopinda kuelekea upande wa mzunguko, akaipa jina la Sirocco, ambalo ni upepo wa joto utokao Sahara. Kila pipa la mapanga lililo ndani ya kipoza hewa cha gari linalopita barabara ya Mpanda hadi Sumbawanga ni mtoto wa impela hiyo. Inafaa kukumbuka hapa kwamba Kiswahili cha Afrika Mashariki kiliipa feni ya dari jina la pangaboi, linaloaminika kutokana na jina la kijana aliyekaa nje ya chumba cha bwana wa kikoloni kule India akivuta kamba ya pepeo kubwa la kitambaa. Mashine ilipochukua kazi ya kijana, ilichukua na jina lake.

Katika Katavi na Ufipa uyeyushaji wa chuma ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, baada ya majembe ya kiwandani kushuka bei na vyuma chakavu kupatikana bila jasho la tanuri. Uhunzi wenyewe haukukoma. Misheni za Mapadri Weupe, waliokabidhiwa ngome ya Karema mwaka 1885 na Wabelgiji walioianzisha mwaka 1879, zilifundisha ufundi wa chuma, na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilileta vyuma vya kufulia. Mhunzi wa mtaani aliyebaki na kazi ya kutengeneza visu, mapanga na nyengo aliiacha mivuo ya ngozi polepole, akaweka mahali pake impela ya bati ndani ya kopo la bati, inayozungushwa kwa mkanda kutoka kwenye rimu ya baiskeli. Rimu ni kubwa na puli ya impela ni ndogo, hivyo mzunguko mmoja wa mkono huzaa mizunguko mingi ya mapanga. Katika rimu hiyo ndimo mhunzi alimojifunza sheria ya impela kwa vitendo, kwamba mtu akiongeza kasi mara mbili hewa huongezeka mara mbili, kanieneo huongezeka mara nne, na mkono huchoka mara nane.

Wakati huohuo Mpanda yenyewe ilikuwa ikizaliwa kutokana na madini mengine. Baada ya dhahabu kuvuta wachimbaji katika miaka ya 1930, miamba ya eneo hilo iligundulika kuwa na risasi, ile metali laini ya kijivu, ikiwa pamoja na fedha na shaba, na kampuni ya Uruwira Minerals ikaichimba mpaka mwaka 1960. Ni kwa ajili ya mgodi huo reli ya tawi yenye urefu wa kilomita 210 ilijengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda, reli ambayo imeendelea kubeba mahindi, mpunga na abiria muda mrefu baada ya mzigo uliosababisha ijengwe kuisha. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na ikichanganywa na bati kwa kipimo cha sehemu 37 kwa 63, mchanganyiko huo huyeyuka kwa nyuzi 183 tu, chini ya kila mmoja wa wazazi wake; huo ndio lehemu ya kawaida ya elektroniki. Bati nalo lilichimbwa magharibi mwa Tanzania, huko Kyerwa mkoani Kagera. Lehemu isiyo na risasi, iliyoenea baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia risasi katika vifaa vya umeme kuanzia tarehe 1 Julai 2006, ni bati lililotiwa fedha kidogo na shaba kidogo, na huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Kwa hiyo ukiondoa bati, kila metali iliyomo katika lehemu ya kale na ya sasa ilikuwemo katika miamba iliyofanya Mpanda iwe mji.

Simu za mkononi ziliingia Tanzania mwaka 1994 kupitia kampuni ya Mobitel, na zilipowafikia watu wa kawaida katika muongo uliofuata zilikuwa zimejengwa kwa namna ambayo nyundo ya lehemu, yaani chuma chenye ncha ya moto, haikuitosha. Vipande vya redio za zamani vilikuwa na miguu iliyopita katika matundu ya ubao. Vya simu vimelala juu ya uso wake, na aisii zake kubwa, yaani vipande vyenye saketi nzima ndani yake, hazina miguu kabisa bali vitufe vya lehemu vilivyojificha chini ya tumbo. Hakuna ncha inayoweza kufika huko. Joto lilipaswa kubebwa na kitu kinachopita kila mahali, na kitu hicho ni hewa. Mashine za kutoa hewa ya moto zilikuwepo tangu Karl Leister alipoanza kuziunda Ujerumani mwaka 1949 kwa ajili ya kuunganisha plastiki. Ilibaki kuzifanya ndogo na tulivu.

Jibu la kwanza lililoenea kwa mafundi lilikuwa mashine za aina ya 850, zilizofuata mfano wa kampuni ya Hakko ya Osaka, na ndani ya boksi lake zito hakuna feni bali pampu ya kiwambo. Sumakuumeme huyumbisha mkono wenye sumaku mara 50 kwa sekunde, kwa mapigo ya umeme wa Tanzania, na mkono huo hushindilia na kuachia viwambo vya mpira kwa zamu, kimoja kikivuta kingine kikisukuma. Ni mivuo ya mabakuli mawili, hata ile zamu ya mikono imo, ila vali ndogo za mpira zimechukua nafasi ya ule mwanya wa wahunzi, nazo huchakaa. Pampu ya namna hii hutoa hewa kidogo, lita 23 kwa dakika katika mashine ya Hakko, lakini kanieneo yake ni kubwa kiasi cha kuisukuma hewa katika bomba jembamba la mpira na kuitoa kwa mdomo wa milimita chache bila kuyumba. Udhaifu wake unaonekana pale inapotumia jenereta: Katavi iliishi miaka mingi kwa mitambo ya dizeli nje ya gridi ya taifa, hadi njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora ilipoifikia katika miaka ya 2020, na jenereta dogo la dukani likipungua mwendo mapigo ya umeme hupungua nalo, mkono wa pampu ukapoteza mpigo uliotengenezewa na hewa ikalegea huku waya wa moto ukiendelea kuwaka.

Jibu la pili, lililo nafuu kwa bei na ambalo sasa limejaa madukani, ni mashine za aina ya 858, zinazoundwa na viwanda vingi vya Uchina, ambamo pampu imeondolewa na impela ya plastiki yenye mota isiyo na kaboni imewekwa ndani ya mpini wenyewe. Watengenezaji hutaja lita 120 kwa dakika, kiasi kinachozidi kile cha kiwambo mara tano. Lakini impela inayoingia kwenye kiganja haiwezi kuwa na kipenyo kikubwa, na kwa kuwa kanieneo hutegemea mraba wa kasi ya ncha za mapanga, udogo huo hulipiwa kwa mizunguko mingi na bado kani haiwi kubwa. Ndiyo sababu impela imesogezwa karibu kabisa na moto: isingeweza kuisukuma hewa katika bomba refu. Umbo la mapanga nalo ni mapatano. Yaliyopinda kuelekea mbele, kama ya Davidson, hutoa kani zaidi kwa mzunguko uleule lakini humeza umeme mwingi hewa inapopita bila kizuizi. Yaliyopinda kuelekea nyuma hayana ubadhirifu huo lakini hudai kasi kubwa zaidi. Na yaliyonyooka hustahimili vumbi, ambalo katika kiangazi cha Mpanda si jambo dogo, kwani tabaka la vumbi jekundu lisilolingana juu ya mapanga huliyumbisha gurudumu na kuzila beringi zake.

Impela daima hukaa nyuma ya waya wa moto, kamwe si mbele yake. Sababu ya kwanza ni dhahiri, kwamba plastiki ingeyeyuka. Ya pili haionekani upesi: hewa ya nyuzi 27 ikipashwa hadi nyuzi 327 ujazo wake huwa maradufu, hivyo feni iliyowekwa upande wa moto ingelazimika kusogeza ujazo mara mbili ili kupitisha hewa ileile. Wahunzi waliweka mivuo nyuma ya mrija wa udongo kwa kanuni hiyohiyo. Hata tabia ya mashine ya 858 kuendelea kupuliza baada ya mpini kurudishwa kwenye kitako chake, mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 100, inatokana na hatari ambayo mvukutaji aliifahamu, kwamba upepo ukikoma ghafla moto hurudi nyuma kuelekea kwa aliyeupuliza.

Tofauti ya mashine hizi mbili huonekana fundi anapofunga mdomo mwembamba. Ile ya kiwambo hupunguza hewa kidogo tu. Ile ya impela, yenye wingi bila kani, husongwa, hewa ikapungua sana, na waya wa moto ukakosa wa kuubebea joto, ukaungua au ukapasua mika, yaani karatasi ya kuzuia joto iliyouzunguka, ilhali namba kwenye kioo bado inaonyesha nyuzi 350 kwa utulivu, kwa kuwa kihisi joto kimekaa kando ya waya na si juu ya bodi. Mji wenyewe huongeza tatizo kidogo. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam, na impela, inayosogeza ujazo bila kujali uzito, hubeba huko joto pungufu kwa kiasi hichohicho. Katika Ufipa ya malungu upungufu hukaribia moja ya tano. Kampuni ya Quick ya Uchina, katika mashine yake ya 861, iliirudisha impela ndani ya boksi ili iwe kubwa, ikaiunganisha na mpini kwa bomba nene, na kuipa waya wa wati 1,000 na hewa ya hadi lita 200 kwa dakika. Bei yake imeifanya ibaki kwa wale wanaofungua bodi kila siku, na wengi wa mafundi wa miji midogo wameendelea na 858, wakifungua mdomo mpana na kuusogeza mpini kwa duara juu ya aisii, mwendo unaofanya kazi ambayo kanieneo ingeifanya.

Mashine hizo zikifa, plastiki ya impela hutupwa na mota yake hutafutiwa kazi nyingine, na viwambo vya mpira vya zile za 850 hupasuka vikasahauliwa kama ngozi za mbuzi zilivyosahauliwa. Kinachobaki katika kopo la fundi, pamoja na skrubu na vipande vya mika, ni midomo ya chuma ya vipenyo mbalimbali, ambayo ncha zake zimegeuka rangi ya samawati kwa moto.